Mwanangu, ile haikuwa likizo

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku tu wazima. Insha yako nimeisoma. Baba yako aliikuta kwenye daftari ulilosahau nyumbani, akanisomea kwa sauti hadi pale ulipoandika, "Likizo yetu ndefu kuliko zote tulikaa ufukweni Kigamboni, tukilala kwenye hema." Hapo akanyamaza, akanipa daftari, akatoka nje.

Una miaka 16 sasa, na sitaki jambo hili uje kulisikia kwa shangazi zako msibani. Haikuwa likizo. Hatukuwa na pa kwenda.

Desemba 2015 tuliuza vyombo vyetu Songea, vilivyobaki tukavipakia kwenye Noah, tukashika njia ya Makambako, Iringa, Morogoro. Baba yako alikuwa ameahidiwa kazi ya umeme Tanga, na vyumba tulishavilipia miezi sita. Dar tulipita tu, tulale siku nne muione bahari. Usiku wa pili ikaja simu: mwenye nyumba kapangisha mtu mwingine, hela yetu ataitafuta. Wiki haijaisha, na ile kazi nayo ikaota mbawa. Zile siku nne zikawa 41.

Msimamizi wa ile kambi ya Kigamboni tulikopiga hema alikuwa mtu muungwana sana. Hakuuliza kitu. Alimwambia baba yako pampu ya maji inasumbua na nyaya za banda la jiko zimeoza kwa chumvi, akitengeneza basi tusihesabiane usiku. Ndivyo tulivyoishi. Wewe unakumbuka kwamba baba alikuwa "anacheza na taa". Alikuwa analipa kodi, mwanangu.

Kilichoniuma kuliko vyote ni shule. Januari ile ya 2016 ndiyo elimu bila ada ilianza, watoto wakajaa madarasani hadi wengine wakakaa chini. Asubuhi nilikuwa nawaona watoto wa Kigamboni wakipita na sare mpya, wewe uko kifua wazi unahesabu kaa. Nilikufundisha kusoma kwa mabango na magazeti ya kufungia vitumbua. Kuandika tulitumia mchanga mbichi, maji yakijaa yanafuta, tunaanza upya kesho yake. Kila yalipofuta nilikuwa nasema moyoni, Mungu wangu, mtoto huyu namfanya nini?

Halafu kuna wale wazee wa Kizungu, mume na mke, waliokuwa wakiishi ndani ya lori lao. Walikuwa wametoka Nairobi wanashuka hadi Cape Town. Yule mama alikuwa anapenda kukuita umshikie kamba ya kuanikia nguo. Siku moja akanikuta nafua, akaniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Sisi wote wasafiri." Nilitabasamu, nikaingia hemani nikalia. Wao walikuwa na nyumba kwao.

Lakini kuna kitu kwenye insha yako kilichonishinda. Umeandika kuhusu bamvua. Umeandika kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hupwa mno, kwenye saa nne za asubuhi, na kwamba kila siku bahari huchelewa kama dakika 50. Hayo hatukukufundisha sisi, watu wa milimani tungeyajulia wapi? Ulifundishwa na wale akina mama wa pweza. Ulikuwa unatoka nao na kijiti chako, unarudi miguu imekatwa na mawe ya mwamba, unanieleza jinsi pweza anavyopanga vijiwe mlangoni pake na ndiyo anavyojulikana alipo. Mimi nakupaka mafuta ya nazi miguuni nikiwaza unga umebaki kiasi gani. Sikukusikiliza. Nimekuja kukusikiliza juzi, kwenye daftari.

Na zipu ya hema pia umeikumbuka! Chumvi iliila ikawa haifungi, upepo wa kaskazi unaingia usiku kucha na majani ya mivinje. Ukanigundulia mwenyewe kwamba ukiisugua na kipande cha mshumaa inateleza. Ulikuwa na miaka saba. Mdogo wako alilala vizuri usiku ule, nami pia, mara ya kwanza tangu simu ya mwenye nyumba.

Tulitoka baada ya baba yako kupata kibarua cha kufunga umeme Mbagala. Tulivuka kwa pantoni, mtu mzima shilingi 200, na daraja la Kigamboni tukiliona kwa mbali halijafunguliwa. Lilifunguliwa Aprili, sisi tuko kwenye chumba hiki hiki ninachokuandikia. Tanga hatujafika mpaka leo, na hela ya mwenye nyumba hatukuiona.

Insha usiifute wala kuibadilisha. Nimekueleza yangu kwa sababu ni yako pia, si kwa kuwa ulikosea. Baba yako aliporudi ndani jioni ile aliniuliza, "Kwa hiyo mtoto alifurahi?" Nikamwambia alifurahi. Akainama, akawa anafuta miwani muda mrefu.

Hema liko juu ya kabati, kwenye kiroba cha mchele. Ukifunga shule tutalishusha, uangalie kama ile zipu bado inakubali mshumaa.

Mama yako