Filamu ya pweza wetu tungeiona kwanza sisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno kuhusu watafiti wanaotutembelea huku pwani ya Kilwa. Siwalaumu kwa kuja. Mimi mwenyewe, tangu nistaafu ualimu, nimewazungushia madodoso mara tatu na posho nimekula.

Mwaka jana waliokuwa wakichunguza pweza walirudi, jambo la nadra, na badala ya kitabu walileta filamu ya makala. Shuka likatundikwa kwenye goli la uwanja wa shule, jenereta ikawashwa, kijiji kizima kikatoka. Ikafika mahali anaonekana pweza jike shimoni mwake, mayai yananing'inia juu yake kama punje za mchele zilizotungwa uzini. Anayapepea maji, hali kitu, mpaka yakianguliwa naye anakufa. Kina mama ambao kila bamvua huchokoa mashimo hayo kwa fimbo walinyamaza kabisa. Tulikuwa tumekaa vikao vingi, na soda tumekunywa, kubishania kufunga mwamba, yaani kuacha kuvua pweza pale, kwa miezi mitatu; hakuna kikao kilichowanyamazisha vile.

Raha ikaishia hapo. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na tafsiri imeandikwa chini kwa herufi ndogo zinazopita mbio. Bibi aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Mwalimu, wanasemaje hao?" Nikageuka mkalimani, napiga kelele kushindana na jenereta. Kwenye kibanda umiza cha hapa sokoni hata filamu ya Kikorea hutiwa Kiswahili na kijana mwenye maikrofoni! Na enzi za mkoloni, kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema uliokuwa na makao Vugiri, kule Usambara, ulizunguka na lori na kucheza maelezo kwa santuri katika lugha mbalimbali za wenyeji. Wale walikuja kutufunza adabu, lakini angalau tuliwasikia.

Tena filamu ilikuja imeshaiva. Mvuvi mmoja akasimama: "Huo mwamba mnaosema umefungwa, ngalawa inayoonekana pale nyuma ni ya shemeji yangu, na alikuwa anavua." Watu wakacheka. Kiongozi wa msafara akajibu kwa upole kwamba filamu imekwisha kwenda kwenye tamasha Ulaya.

Mfaransa Jean Rouch, mwaka 1954, aliwaonyesha wavuvi wa Kisorko wa Ayorou, nchini Niger, filamu aliyowapiga wakiwinda viboko. Wakamwambia muziki alioutia haufai: kiboko ana masikio, anasikia hata akiwa majini, na kelele hizo zingemkimbiza. Akautoa.

Ombi langu ni kwa wanaotoa vibali vya utafiti, yaani COSTECH: wawekeeni sharti. Filamu ionyeshwe kijijini ikiwa bado rasimu, kwa Kiswahili cha kusikia, si cha kusoma, na anayepinga aandikwe jina na hoja yake ijibiwe.

Nakala tuliyoachiwa iko kwenye flashi, ninayo mimi. Mwenye kibanda amekubali kuionyesha kabla ya mechi ijayo ya Simba na Yanga, bila kiingilio, na kijana wa maikrofoni ameniomba nimwandikie maneno. Pale penye ngalawa ya shemeji tutasema ilivyokuwa. Shemeji mwenyewe ameridhia, ila hataki atajwe jina.

Mwalimu mstaafu,
Kilwa