Nishani za askari wetu zisiishie kwa sonara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie nishani za ushujaa wa vitani, jambo ambalo kila Oktoba, ifikapo Siku ya Mashujaa, huguswa juu juu tu.

Tarehe 19 Mei 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huko Colito nchini Ethiopia, Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya aliyetumikia kikosi cha 1/6 cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliviona vifaru vya Waitaliano vikiwajia wenzake waliokwisha kuvuka mto Billate. Makombora ya mzinga wake yalikuwa yamemwishia. Alirukia juu ya kifaru kimoja, akaung'oa mfuniko na kuwapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha akiendeshe hadi penye kificho. Kisha akashuka, akavifuata vingine kwa miguu, akarukia kimoja tena, na hapo ndipo alipouawa. Novemba 1945 alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza, na kwa hakika aliistahili.

Lakini hakuwa peke yake. Askari Waafrika walivinyemelea vifaru hivyo pamoja naye, na kikosi chenyewe kilikuwa cha Tanganyika. Nimesomesha historia miaka mingi, na sijakutana na mwanafunzi awezaye kumtaja hata mmoja wao.

Jambo hili linanigusa nyumbani. Babu yangu mzaa mama alirudi kutoka Burma, alikopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, akiwa na Military Medal, nishani ya Uingereza ya ushujaa vitani, kifuani. Nishani hiyo ilikuwa ya madini ya fedha, na ukingoni ilichongwa nambari, jina na kikosi cha aliyetunukiwa. Babu alipofariki, ilipelekwa kwa sonara, ikapimwa kwa uzito wake na kuyeyushwa. Simlaumu mjomba aliyeiuza, kwa kuwa karo yetu ililipwa kwa fedha hiyo (mimi mwenyewe ni mmoja wa waliosoma kwayo), ila nambari ya babu jeshini ilikuwa imeandikwa pale tu, na leo hakuna mtu kwetu anayeijua.

Naziomba serikali ya kaunti na idara ya makumbusho iliyopo Fort Jesus ziwatume watu Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, wazipige picha nishani zilizosalia, wanakili maandishi ya ukingoni, na kuziacha mikononi mwa wenyewe. Majina yatakayopatikana yachongwe kwenye kibao karibu na sanamu za askari katika barabara ya Jomo Kenyatta, ambazo tunazipita kila siku tukikimbilia matatu.

Na aliye na nishani kabatini, namsihi aisome ukingoni leo hii, akiandike kilichomo, na karatasi hiyo ampe mtoto wake aiweke.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa.