Swali la vijiji: pale alama zinapomwagika

Shoga yangu,

Salamu, na pole na shughuli. Rasimu yako ya insha nimeisoma mara mbili. Mambo unayajua, tena mengi, ila swali hujalijibu.

Swali linasema: "Tathmini ni kwa kiasi gani Operesheni Vijiji ilisababisha uhaba wa chakula Tanzania katikati ya miaka ya 1970." Yaani ile kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Umeambiwa utathmini, wewe umesimulia. Ukurasa mzima wa kwanza ni Azimio la Arusha, Februari 1967. Mhadhiri analijua hilo, libakize sentensi mbili. Anza na msimamo ambao mtu anaweza kuubishia, kwa mfano: "Ukame ndio ulioanzisha uhaba, lakini namna watu walivyohamishwa iliuzidisha." Ulivyoandika wewe, kwamba operesheni "ilikuwa na faida na hasara", nani atabisha?

Sasa aya ya tatu. Unasema Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Kweli kabisa. Halafu unarukia jambo jingine! Hapo ndipo alama zinapomwagika. Kila ukiweka ushahidi, jiulize "kwa hiyo?", kisha andika jibu lake kwa sentensi mbili tatu. Kwa hiyo kaya zilizohamishwa msimu wa kulima zilichelewa kupanda. Kwa hiyo mashamba ya zamani yalibaki mbali, palizi ikawa ya kubahatisha na nguruwe wakapata karamu. Amri imefika kwenye mavuno. Sasa hiyo ni hoja.

Sababu nyingine usizirundike mwishoni kama mzigo wa daladala. Kila moja ipime: inaeleza nini hasa? Kupanda kwa bei ya mafuta mwishoni mwa 1973 kulikausha fedha za kigeni, na hivyo kununua nafaka nje kukawa kugumu. Mahindi shambani hakukuyapunguza. Vita vya Kagera je? Vilianza Oktoba 1978. Vingesababishaje uhaba wa 1974? Futa.

Angalia na vyanzo vyako vinathibitisha nini. Hotuba ya kiongozi inaonyesha serikali ilikusudia nini, si kilichotokea kijijini. Takwimu za mahindi yaliyonunuliwa na NMC, lile shirika la usagishaji, zinapima kilichouzwa serikalini tu. Gunia lililoliwa nyumbani au kupita kwa magendo halimo. Ukiandika "uzalishaji ulishuka" kwa kutegemea manunuzi peke yake, msahihishaji makini atakunasa. Zitumie, lakini sema mpaka wake. Na desa la mwaka jana, zile notisi za kunakiliana, si chanzo, hata likiwa limepigwa chapa vizuri. Namba ya ukurasa iandike papo hapo unaposoma; kuitafuta usiku wa kukusanya kazi ni adhabu.

Kwa maneno 1,500, utangulizi usizidi 120, aya sita za maneno kama 210 kila moja, na hitimisho maneno 120. Hitimisho hilo lijibu "kwa kiasi gani" moja kwa moja, bila ushahidi mpya. Ukiona aya imefika maneno 350, ujue ina hoja mbili zinazogombania kiti. Zitenganishe, iliyo dhaifu itoke.

Aya ya tatu irekebishe kwanza, unitumie hata ikiwa mbichi. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Shoga yako