Mtaji wa biashara ya bustani hauishii kwenye mashine

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya ukurasa wa biashara iliyowahimiza vijana kujiajiri katika kazi ya kutunza bustani. Nilifurahi, maana ndiyo kazi inayolisha nyumba yangu, na ni nadra kuiona ikiandikwa kama taaluma inayohitaji ujuzi. Kilichonisumbua ni orodha ya mtaji. Mwandishi ametaja mashine ya kukatia nyasi, mashine ya kufyekea, mikasi ya kupunguzia ua, ngazi, bomba la kupulizia dawa na chombo cha usafiri. Kisha, mwisho kabisa, akashauri mfanyakazi ajitafutie glavu na buti.

Ajitafutie kwa nini? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi, sambamba na haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi na kukomeshwa kwa ajira ya watoto. Nchi wanachama zinabanwa na msingi huo hata pale ambapo hazijaridhia mkataba wenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu wengi wetu wenye biashara ndogo tumezoea kudhani kwamba usalama kazini ni habari ya viwanda na migodi. Bustani ni mahali pa kupumzikia, na aliyekaa kivulini anaona maua tu. Anayeifanya kazi anashika petroli, visu vinavyozunguka, sumu na ngazi, mara nyingi ndani ya siku moja, tena juani.

Kabla ya kuwa na biashara yangu nilikuwa kibarua katika kampuni moja ya bustani. Siku moja tulikuwa tunafyeka kando ya njia ya kokoto. Kijana aliyeshika mashine alikuwa na miwani ya kazi, aliyojinunulia mwenyewe. Aliyepoteza jicho ni yule aliyekuwa nyuma yake akikusanya majani kwa reki. Uzi wa mashine ya kufyekea huzunguka kwa kasi kubwa mno. Kokoto ikiguswa inaruka kama risasi, na haichagui nani kapewa kazi ya hatari na nani kapewa kazi nyepesi. Vitabu vya maelekezo vya mashine hizi vinataka mtu mwingine yeyote akae umbali wa mita 15 angalau. Kitabu tulikuwa nacho, stoo, ndani ya boksi lake. Msimamizi alimlaumu majeruhi kwa kutovaa miwani, na mwajiri akamlipa ujira wa siku ile, basi.

Miwani ingemsaidia, sikatai. Lakini yapo mambo ambayo yangefanyika kabla ya miwani, na hayahitaji kwenda dukani. Kulipitia eneo lote kwa miguu na kuokota mawe, waya na vipande vya chupa. Kuzikata kwa mkasi nyasi zinazopakana na kokoto. Kuiweka reki chini mpaka mashine izimwe. Wataalamu wa usalama wana mpangilio wao wa hatua: kwanza ondoa hatari yenyewe, ukishindwa, tumia kifaa au njia iliyo salama zaidi, kisha weka kizuizi kati ya mtu na hatari, kisha panga watu na muda wao, vifaa vya kujikinga vije mwisho. Biashara nyingi za bustani zinaanzia hapo mwisho na kuishia hapohapo. Kijana akishavalishwa glavu, mwenye kampuni anahesabu amemaliza wajibu wake. Naomba basi, Mhariri, makala ile ikichapishwa tena, glavu na buti ziingie kwenye mtaji wa mwenye biashara, pamoja na mafunzo, chanjo, bima na sanduku la huduma ya kwanza, na ile mliyoiita bei ya ushindani ipigiwe hesabu upya hayo yote yakiwa ndani.

Kwa maana bei ndiyo inayoamua. Mimi sitoi bei kwa simu. Ninakwenda kuiona bustani kwanza. Nikishakubali malipo ya siku moja kwa kazi ya siku mbili, hakuna mafunzo wala kofia ngumu itakayowazuia vijana wangu kukimbizana na saa. Nikiwa pale naangalia mteremko, nyaya za umeme zinapita wapi, kama kuna nyuki au mavu, kama mfuniko wa shimo la maji taka unaweza kubeba mtu, maji safi ya kunawa yako umbali gani, na gari la wagonjwa likihitajika litaingilia lango lipi. Nikiona tawi limegusa au limekaribia waya wa umeme, tawi hilo halimo katika bei yangu. Waitwe wenye umeme wazime laini au walikate wenyewe. Wapo wateja wanaokasirika hapa. Wananiambia fundi mwingine alipanda mwaka jana akalikata bila shida.

Mashine nazo zina mambo ambayo muuzaji hayasemi. Mashine ya kukatia nyasi ikisongwa na majani mabichi, mtu huizima akaingiza mkono. Kisu kilichobanwa kinaweza kuzunguka ghafla kinapoachiwa, na injini ya petroli inaweza kushtuka. Kwangu ni lazima waya wa plagi ya injini uchomolewe kwanza, halafu majani yatolewe kwa kijiti. Kwenye mteremko, mashine ya kusukuma hukata kwa kuukingama, ile ya kukaliwa hukata kwa kupanda na kushuka. Ukizibadilisha, mwenye kusukuma atateleza mguu uingie chini ya kisu na ya kukaliwa itapinduka. Petroli huongezwa injini ikiwa imepoa. Chenso, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, ndiyo ninayoihofia kuliko zote. Sehemu ya juu ya ncha yake ikigusa tawi, mashine nzima hurushwa kuelekea usoni kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuiwahi. Ndiyo sababu ina breki ya mnyororo, na ndiyo sababu haiinuliwi kupita mabega wala haitumiwi juu ya ngazi. Asiye na mafunzo haishiki kwangu, hata awe mpwa wangu.

Kelele ni hatari ambayo wafanyakazi wenyewe huikana. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 100 mtu humaliza kiwango cha siku nzima kwa dakika 15, na chenso za petroli huvuka hapo. Sikio haliumi linapoharibika. Mtu anaanza kusikia mlio usiokoma usiku, anaongeza sauti ya redio, kisha nyumbani wanalalamika kwamba siku hizi anaongea kwa kupiga kelele. Usikivu uliopotea kwa njia hii haurudi. Mtetemo hufanya vivyo hivyo kwenye vidole: ganzi, kuchomachoma, vidole kupauka kwenye baridi, mpaka kufunga vifungo vya shati kunageuka kazi. Vikinga masikio nimewanunulia, lakini ninachokitegemea zaidi ni zamu za kupokezana mashine na visu kunolewa kila mara, kwa sababu kisu butu hurefusha muda wa kuishika.

Nije kwenye dawa, ambako makala yenu ilinitia hofu zaidi. Mmeandika kwamba kupulizia ndiko kwenye faida kubwa. Inawezekana. Lakini anayebeba bomba anapaswa kuambiwa kwamba viuatilifu vingi, yaani dawa za kuua wadudu na magugu, huingia mwilini kupitia ngozi bila kumezwa, na kwamba bomba linalovuja mgongoni linamnywesha sumu tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani hupanga viuatilifu kwa ukali, kuanzia daraja Ia na Ib hadi II, III na U, na katika nchi nyingi rangi ya ukanda wa chini wa lebo hufuata mpangilio huo: nyekundu kwa vilivyo vikali kabisa, kisha njano, buluu na kijani. Kijana asiyeijua lugha ya lebo anaweza kufundishwa rangi kwa muda mfupi. Ila asifundishwe kwamba kijani ni salama kama maji. Madaraja hayo yanahusu zaidi sumu inayodhuru papo kwa papo. Kuhusu madhara ya miaka mingi yanasema machache sana.

Mfano ni parakwati, dawa ya magugu ambayo Umoja wa Ulaya hauiruhusu tangu 2007. Iko daraja la II, na bado funda moja dogo la dawa isiyochanganywa linaweza kuua, wala hakuna dawa ya kuizimua sumu hiyo ikishaingia mwilini. Halafu watu wanaimimina kwenye chupa ya soda ili iwe rahisi kubeba. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika humu, kwa sababu anayekunywa huwa hata si mtunza bustani. Huwa mtoto, au mlinzi mwenye kiu. Dawa ibaki katika chombo chake chenye lebo, stoo yenye kufuli, bila udhuru wowote.

Kwangu, kabla ya kupulizia tunajiuliza kama kung'oa kwa mkono au kutandaza matandazo kungetosha, na mara nyingi kunatosha. Tukipulizia, ni wakati upepo umetulia, na nozeli ikiziba haipulizwi kwa mdomo. Nguo za kupulizia hazifuliwi pamoja na za familia. Msimamizi anazijua dalili za sumu za jamii ya oganofosfati, kundi la dawa za kuua wadudu: mate na jasho jingi, mboni za macho kusinyaa, kutetemeka, kifua kubana. Akiziona anamtoa mgonjwa eneo hilo, anamvua nguo akiwa amevaa glavu, anamwosha kwa maji mengi na sabuni, kisha wanakwenda hospitali na lebo mkononi. Daktari anaihitaji lebo ile kuliko maelezo yetu yote.

Ya udongo nayataja kwa ufupi. Vijidudu vya pepopunda vimo katika udongo na samadi, hivyo chanjo yake nimeihesabu pamoja na majembe. Udongo wa mifuko wa kupandia unaweza kuwa na bakteria aitwaye Legionella longbeachae, anayeleta homa kali ya mapafu. Wagonjwa wa Australia Kusini mwishoni mwa miaka ya 1980 walihusishwa na udongo wa aina hiyo. Mfuko ufunguliwe mbali na uso, penye hewa, na udongo uloweshwe ili usitimue vumbi. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Jua linahitaji maneno zaidi, kwa sababu humwangusha mgeni wa kazi. Mwili huchukua siku kadhaa kuzoea joto. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inashauri mfanyakazi mpya afanye kazi kwenye joto kwa asilimia 20 tu ya muda wa kawaida siku ya kwanza, na aongezewe asilimia 20 kila siku. Maji ni kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Wengi wetu tunafanya kinyume kabisa: mgeni ndiye anayepewa jembe zito siku ya kwanza ili apimwe nguvu. Na anayeanza kuyumba na kuongea ovyo juani asiitwe mvivu wala mlevi. Atolewe juani, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe, na daktari aitwe papo hapo. Hicho ni kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto, nacho kinaua.

Ule mkataba wa 1981, katika kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake. Kwa kibarua wa kulipwa kwa siku, haki hii ni ngumu kuidai, maana anajua kesho hataitwa. Nimewaambia vijana wangu, mbele ya wateja, kwamba anayesimamisha kazi kwa sababu ya hatari atalipwa siku yake kamili, hata kama baadaye itaonekana hatari haikuwepo. Ni gharama, na nimeiweka kwenye bei.

Kwa wateja wanaosoma gazeti hili nina ombi. Mnapopokea bei mbili, muulizeni yule wa bei ya chini nani atapanda mti na kafunzwa na nani, dawa gani itapuliziwa na lebo yake iko wapi, na mfanyakazi akiumia nani atalipa matibabu. Siku ya kazi waonyesheni vijana bomba la maji, choo na kivuli. Na wakiomba kuahirisha kwa sababu ya upepo au radi, wakubalieni.

Wenu,
Mwenye biashara ya kutunza bustani