Tafuta hii ya Sonny Rollins

Kaka, za siku nyingi? Huku wote wazima, watoto wamefunga shule basi nyumbani ni kelele tu. Juzi uliposema jazz ni watu wanashindana kupiga noti nyingi sikukujibu vizuri, mtandao ulikuwa unakatakata, nikaona bora nikuandikie.

Tafuta albamu ya Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani, inaitwa The Bridge, yaani Daraja, ya 1962. Huyu mzee mwaka 1959 alikuwa juu kweli, mtoto wa Harlem, mtaa wa New York, hajafika hata miaka 30, keshatoa albamu ya Saxophone Colossus, anasifiwa kila kona, halafu akaacha kupiga jukwaani. Si kwamba alikosa kazi, aliona tu anavyopiga hakulingani na sifa anazopewa. Sasa jengo alilokuwa anakaa pale New York kulikuwa na jirani mjamzito, akaona siyo sawa kumpulizia saksafoni mama wa watu, akahamia darajani, Williamsburg Bridge, lile linaloenda Brooklyn. Treni zinapita hapo hapo, meli chini, jamaa anapuliza, joto anapuliza, baridi anapuliza, siku nyingine masaa 15! Na ujue mwaka huohuo wa 1959 Ornette Coleman, mpiga saksafoni mwingine, kaingia New York anavuruga kila kitu, John Coltrane, naye wa saksafoni, anapaa, yeye yuko darajani anajifua mpaka 1961.

Aliporudi akasaini na kampuni ya rekodi ya RCA Victor, mwanzoni mwa 1962 wakaingia studio. Watu walitegemea maajabu, wengine wakasema mbona ni yuleyule. Mi sikubaliani nao kabisa, hawakusikiliza vizuri. Humo hamna piano. Kuna Jim Hall kwenye gitaa, Bob Cranshaw besi, na drams karibu zote ni za Ben Riley. Piano mara nyingi inajaza kila upenyo, ila Hall anagusa kidogo anaacha, siyo kama solo gitaa letu la dansi linalochombeza mwanzo mwisho, huyu anamwachia mwenzake uwanja. Sikiliza kibao cha Where Are You, inaenda taratibu, sauti ya Rollins pana, nzito, karibu usikie pumzi inavyotoka, anasema neno anatulia, ndo anasema lingine. Mtu asiyejiamini hawezi kutulia hivyo kaka, ataogopa ule ukimya ataujaza. Halafu nenda kibao cha nne, The Bridge wenyewe, mwendo unabadilika katikati, wanakimbia, wanashika breki, wanakimbia tena na hakuna anayepotea, noti nyingi zimo ila kila moja ina kazi yake. Hapo ndo unasikia ile miaka ya darajani imeenda wapi.

Nakusumbua na hii kwa sababu uliniambia tarumbeta umelifungia kabatini eti unaona hujafika popote. Mi nilikuwa nakusikia pale kwaya, unapuliza vizuri sana, na nasema kutoka moyoni.

Usisikilizie kwenye spika ya simu, besi ya Cranshaw yote itapotea, unganisha ile redio kubwa ya sebuleni. Ukimaliza nipigie hata usiku, maana shemeji yako anasema Without a Song ndo kiboko ya zote, mi nasema Where Are You, tunabishana wiki nzima na tunataka mtu wa tatu.

Wasalimie wote hapo.

Swahiba wako