Barua ya wazi kwa Waziri wa Serikali za Mitaa: Vipindi viwili vinamtosha diwani

Mheshimiwa Waziri,

Kwa miaka 17 nilikuwa karani wa vikao vya halmashauri. Kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari, na aliyeifanya kazi hiyo muda mrefu husikia hata kile ambacho wajumbe wameacha kukisema. Nakuandikia kwa sababu sheria yetu haimwekei diwani ukomo wa vipindi, na nimeona jinsi hali hiyo inavyowadhoofisha hata watu wema.

Diwani mpya huuliza sana. Fungu hili limetoka wapi? Mkandarasi yule alipatikanaje? Mbona barabara iliyopitishwa mwaka jana haijaguswa? Mwaka wa kwanza huumaliza akisimamia bajeti iliyopitishwa na waliomtangulia. Wa pili ndipo anapoanza kuisoma taarifa ya mkaguzi bila kushikwa mkono. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka aingie mara moja na kutoka. Meksiko ilizuia meya kuchaguliwa tena mfululizo tangu 1933, na vipindi vya miji vikazoeleka kuwa vya miaka mitatu. Mtu aliondoka ndiyo kwanza ameizoea kazi. Mwaka 2014 katiba ililegezwa ili aweze kuomba kipindi cha pili.

Lakini niliandika pia mihtasari ya madiwani waliokuwa katika kipindi cha tatu na cha nne. Ilikuwa mifupi. Mada ya zabuni iliyokuwa ikijaza kurasa nne ilimalizika kwa sentensi moja: taarifa ilipokelewa. Mheshimiwa, si kwamba wote walikuwa wala rushwa. Namkumbuka diwani mmoja niliyemheshimu sana, ambaye zamani aliwahi kukaa na mhasibu hadi usiku wakitafuta malipo yasiyo na stakabadhi. Baada ya miaka 15 alikuwa ameshazoeana na wakuu wote wa idara. Walikuwa wamezikana, wameozeana, wameuguzana. Kumwuliza mtu wa namna hiyo swali gumu mbele ya kikao kukawa kama kumvunjia heshima ndugu. Usimamizi ulikufa hapo, na sikuona hata senti moja ikibadilisha mikono.

Ndiyo maana nashangaa kwamba mahali pengi ukomo huwekwa kwa mkuu wa serikali ya mtaa peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa gavana wa kaunti vipindi viwili, ila wawakilishi wa wadi wanaomsimamia hawana ukomo. Brazil na Korea Kusini nazo zinawabana mameya na kuwaacha madiwani. Mimi naona anayesimamia ndiye anayehitaji zaidi kubadilishwa, kwa kuwa kazi yake yote ni kuwa na jicho geni.

Wapo watakaosema mwananchi ana kura yake, amwondoe mwenyewe. Hoja hii naiheshimu, ila mpiga kura hawezi kuliadhibu swali ambalo halikuulizwa. Haoni mihtasari. Anamwona mtu aliyekuja msibani na kufungua kisima, na mgombea mpya hana kisima cha kufungua.

Sidai kwamba ukomo unaponya kila kitu. Ufilipino imewawekea viongozi wa mitaa, madiwani wakiwemo, vipindi vitatu mfululizo vya miaka mitatu mitatu, na bado mara nyingi kiti humwendea mke au mtoto, kisha kikamrudia mwenyewe. Hilo linanisumbua na sina jibu lake kamili.

Ninachoomba ni hiki: vipindi viwili mfululizo vya miaka mitano, kisha akae nje kipindi kimoja kabla ya kuruhusiwa kugombea tena. Aliye hodari atarudi, na atakaporudi atakuta maofisa wengine na atalazimika kuuliza upya. Anayeondoka amwachie mrithi wake makabidhiano ya maandishi, yenye miradi, madeni na ahadi, kwa sababu leo hii vyote huondoka kichwani mwake.

Na ukomo huo usiweze kufutwa na wale wale unaowabana. Wapiga kura wa New York waliuweka mwaka 1993, vipindi viwili. Mwaka 2008 baraza la jiji likajiongezea cha tatu kwa kura zake lenyewe, na iliwabidi wananchi warudi kwenye sanduku mwaka 2010 kuvirudisha viwili. Kwetu kiandikwe kipengele kwamba badiliko lolote la vipindi halitamnufaisha aliyeko madarakani.

Kamati ya Bunge ikianza kusikiliza maoni kuhusu sheria ya serikali za mitaa, niko tayari kuitwa na kueleza haya kwa mdomo wangu.

Wako katika utumishi,
Karani mstaafu wa vikao