Msituulize tu wangapi wameokoka, tuulizeni kama bado tunasali

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Majuzi msomaji mwenzetu aliandika hapa akilalamika kwamba kanisa lao linamtunza mmisionari huko ng'ambo mwaka wa tatu huu, na ripoti zake zinasema waumini wapya ni wawili tu, akauliza hiyo hela si bora irudi ifanye kazi nyumbani. Nimeisoma ile barua mara mbili. Sikukasirika, manake naona anaumia na sadaka za watu, ila mi nimetumika ng'ambo miaka sita na nadhani swali lake limeanzia pabaya.

Fomu yetu ya ripoti ilikuwa ukurasa mmoja, safu tano: mwezi, mikutano iliyofanyika, waliookoka, waliobatizwa, na mwisho mahitaji. Miezi kumi na nne mfululizo kwenye safu ya tatu niliandika sifuri. Mwanzoni haikunisumbua kwa sababu hata kusalimia vizuri tulikuwa hatujui, lakini ilipofika mwezi wa nane wa tisa hivi nikawa naituma fomu usiku alafu nazima simu nisione kama imesomwa. Na sikuwa nimekaa bure jamani, asubuhi masaa manne najifunza lugha, mchana nafanya kazi iliyonipa viza, maana siku hizi nchi nyingi hazimpi mtu viza ya umisionari, unaingia kama mwalimu au nesi au fundi na inabidi ufundishe kweli, utibu kweli. Picha nazo zilikuwa zinadaiwa, picha za watu wakisali, na kuna sehemu picha moja tu ya mtu ameinamisha kichwa ikizunguka kwenye masimu inatosha kumfukuzisha kazi au kumtenga na ukoo wake. Hilo naomba makanisa walifikirie sana kabla ya kuomba picha.

Sasa katika safu zote tano hakuna hata moja iliyouliza kama mimi mwenyewe bado ni mwanafunzi wa Yesu. Kama nasoma Neno kwa ajili ya roho yangu au nasoma natafuta cha kufundisha tu. Kwakweli nilikauka. Nilikuwa naandaa somo la maombi na huku wiki ya tatu sijapiga magoti, na nilikuwa nimekosana na mwenzangu wa kazi, ndugu tuliyewekewa mikono naye siku moja madhabahuni, tunakaa nyumba za jirani na hatusalimiani, ugomvi ulianzia kwenye bajeti ukahamia kwenye kila kitu. Watu wakisikia mmisionari amerudi kabla ya wakati wanafikiria magonjwa au mateso, yapo hayo, lakini baadhi ya ninaowafahamu mimi waliorudi mapema kilichowashinda ni mmisionari mwenzao.

Aliyegundua wa kwanza ni mama mmoja mzee wa kanisa letu lililotutuma, hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Alipiga simu jumapili jioni, akauliza watoto hawajambo, mkeo hajambo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, unasali au unafanya kazi tu?" Nikashindwa kumjibu. Hakunihubiria, hakunitajia mstari, alisubiri tu pale kwenye simu namsikia anavyopumua, na mimi machozi yananitoka na mke wangu kasimama mlangoni na sahani mkononi hajui ni msiba au nini. Toka siku ile akawa anapiga kila jumapili, dakika kumi, na swali ni hilo hilo.

Wa pili alikuwa mwenyeji, dereva wa basi, anakuja baada ya shifti tunasoma Injili ya Marko. Kwa lugha yangu ile mbovu sura moja ilikuwa inatuchukua wiki mbili tatu, neno moja tunalizunguka jioni nzima. Tulipofika sura ya 11, pale Yesu anaposema mkisimama na kusali sameheni mkiwa na neno juu ya mtu, akaweka kidole kwenye mstari akaniuliza bila ubaya wowote, "Na wewe na yule mwenzako wa nyumba ya pili mmeshasameheana?" Kumbe alikuwa anaona siku zote, na majirani nao walikuwa wanaona. Kesho yake kabla hakujapambazuka vizuri nikaenda kumgongea mwenzangu, tukaongea tumesimama palepale kizingitini, hakuna aliyekuwa na hotuba, mwishoni mkewe akatuambia ingieni ndani mtaamsha watoto. Mwezi ule fomu niliijaza sifuri kama kawaida, na hapakuwa na safu ya kuandika lile.

Ndo maana nasema swali limeanzia pabaya. Kwenye Mathayo 28 agizo ni kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, na mwanafunzi hapatikani kwa mkutano wa jioni moja na mikono kunyooshwa, anakaa na wewe, anaona unavyomjibu mkeo, unavyomlipa fundi, unavyoomba msamaha. Kama anayefundisha ameacha kujifunza basi huyo mwingine atajifunza nini kwake?

Na kwa ndugu msomaji aliyelalamikia wawili kwa miaka mitatu, namkumbusha wamisionari wa zamani: William Carey, Mwingereza, alifika India 1793 na Mhindu wa kwanza, Krishna Pal, akabatizwa Desemba 1800. Adoniram Judson, Mmarekani, alifika Burma (Myanmar ya leo) 1813 na mtu wake wa kwanza akabatizwa 1819. Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa 1844, ndani ya miezi michache akamzika mkewe Rosina na mtoto mchanga, na mwaka huo huo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa hii lugha tunayoandikiana hapa. Fomu zao zingejazwaje? Na huyo Judson, baada ya kufungwa na kisha mke na mtoto kufariki, aliingia kwenye huzuni akajitenga msituni, akachimba kaburi akawa anakaa pembeni analitazama. Ni yule yule aliyemaliza kutafsiri Biblia nzima kwa Kiburma mwaka 1834. Mimi huwa nawaza sana zile siku za pembeni ya kaburi, kwamba mtumishi mkubwa vile anaweza kufika pale, na je, sisi tungemwandikia barua ya kumwuliza waumini wapya ni wangapi?

Biblia yenyewe iko wazi. Wafilipi walimtumia Paulo mahitaji zaidi ya mara moja akiwa Thesalonike. Akiwa amefungwa na uzee umemfikia alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa na vitabu, hasa vile vya ngozi, yaani mtume aliyezunguka kote kule bado anasikia baridi na bado anataka kusoma. Na anasema Marko naye aletwe kwa kuwa anamfaa, Marko yule aliyewaacha Perge akarudi Yerusalemu, aliyesababisha Paulo na Barnaba wagombane mpaka wakaachana. Kuna mtu alikaa na Marko katikati hapo, nadhani ni Barnaba. Sisi kijana akirudi kabla ya miaka yake kuisha tunamkalisha kiti cha nyuma na hatumtaji tena kwenye maombi.

Sisemi hela zisiulizwe. Ziulizeni, na risiti mdai, hata mimi nilidaiwa na ilikuwa haki. Ila huyo mmisionari wa miaka mitatu naomba kabla kamati haijakaa kumjadili apigiwe simu na mtu mmoja anayempenda, mtu asiye na cheo cha kumkatia msaada, amwulize anasali vipi, ndoa ikoje, analala? Na huko aliko kuna nani wa kumkemea? Alafu wamwulize hao wawili ni akina nani, majina yao wayaombee, kama ni salama kutajwa.

Dereva wangu hajabatizwa mpaka leo. Kila wiki ananitumia meseji za sauti, sasa yeye na mama yake wako kwenye Injili ya Luka, anamsomea kwa sababu mama hajui kusoma, na maswali ya mama ni magumu kuliko yake. Kamati yetu nimeiandikia kuomba ile safu ya tatu ifutwe na pale iwekwe nafasi ya mmisionari kuandika hali ya roho yake kwa maneno yake, nasubiri majibu. Yule mama mzee macho yamepungua, namba anabonyezewa na mjukuu, na jumapili iliyopita aliniuliza tena.

Ni mimi msomaji wenu,
Mmisionari aliyerudi